Posa Tuliyoipeleka Marekani

Mawaleh, Maskati
Jumatano, baada ya Alasiri

Dada yangu Hamisa,

Assalaam alaykum. Pokea salamu za mdogo wako, mtu anayejulikana Maskati nzima isipokuwa na wale ambao bado hawajabahatika. Vipi hilo goti? Bado linakutabiria mvua? Na banda la kuku uliloniambia limeinama, limeshaanguka au linaendelea kufikiri? Mimi ni mzima, ila tumbo limeanza kunitangulia mlangoni kwa sababu ya wali wa nyumba hii. Joto limeondoka. Sasa ni kile kibaridi chao cha kuvaa shati la mikono mirefu, na wenyeji wameshaanza kwenda mchangani kuchoma nyama.

Utashangaa kuona karatasi. Sababu unaijua. Sauti ninazokutumia kwenye simu huzisikilizi peke yako. Unaiweka simu juu ya mtungi na mtaa mzima unakaa chini. Mara ya mwisho nilikusemea siri ya jipu langu, kesho yake muuza mkaa akanipigia kunipa dawa. Hii imefungwa kwa gundi, na Salehe wa jirani nimemwapisha. Amemaliza kununua mizigo ya duka lake, Ijumaa anaruka.

Humu ndani ya bahasha kuna ile fomu ya chuo ya mwanangu Mwanaidi, uliyompa Salehe aniletee nitie sahihi. Usiitoe kwanza. Ikalie, hata. Najua unaisubiri, najua wanafunga mwisho wa mwezi, na najua nilikwambia kwa simu, “Andika uuguzi, khalas, mjadala umefungwa.” Lakini tangu siku ile kuna jambo limepita hapa. Ulimi wangu huu ulikaribia kumkosesha mtoto wa watu nafasi ya kusoma. Soma kwanza, halafu utajua kwa nini fomu imerudi jinsi ilivyorudi.

Watu wa nyumba hii nimeshakusimulia, ila wewe husahau. Arbabu wangu, ndivyo huku wanavyomwita tajiri wa kazi, ni Bwana Nassor, mwenye vitunguu na viazi. Alikuwa na duka hapa Mawaleh sokoni mpaka soko likahamishwa mbali, na sasa anakaa barabarani kuliko mimi dereva. Mama yake ni Bi Zuwena, sote tunamwita Bibi. Kazaliwa Unguja, kaja huku msichana, lakini Kiswahili chake ukikisikia utadhani kashuka jana. Halafu yuko Asila, binti wa pekee wa Bwana Nassor, mwaka wake wa mwisho skuli. Mama yake alifariki akiwa mdogo sana, kalelewa na Bibi. Kila asubuhi nampeleka Asila skuli huko Ghubra, na Bibi hupanda naye kiti cha nyuma na tasbihi yake. Anasema mtoto hapelekwi skuli kama kifurushi.

Asila ana akili, Dada, na sisemi akili za kumsifia mgeni. Siku moja pampu ya maji ya bustani ilikufa. Akaifungua, akaitandaza barazani vipande vipande kama samaki wa kukaanga, akairudisha, ikapiga maji. Mimi ningeirudisha pia, lakini zingebaki skrubu nne. Anataka kusomea uhandisi wa maji. Katika nchi ambayo mto wake ni wa mawe matupu, hayo ni maarifa.

Basi akaingiwa na hamu ya chuo kimoja cha Marekani. Jina lake nikilitamka meno yangu yanagongana, kwa hiyo tuliache. Ni vile vyuo vya kutafutana: wanaoomba wanajaza uwanja wa mpira, wanaoingia wanajaza basi. Na wana utaratibu wao wa kuomba mapema. Aliueleza mwenyewe ndani ya gari, asubuhi, tukiwa tumekwama kwenye foleni.

“Bibi, ukiomba mapema wanakujibu mapema, kabla ya wenzio,” alisema. “Lakini unawaahidi. Unaomba hivyo chuo kimoja tu. Wakikukubali, unakwenda, huna kugeuka. Mimi natia sahihi, baba anatia sahihi, na mwalimu wa skuli anatia sahihi.”

“Sahihi tatu?” Bibi akauliza. “Wanakusomesha au wanakuoa?”

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Unanijua. Mlango ukiwa wazi kidogo siwezi kupita bila kuchungulia.

“Bibi,” nikasema, nikimtazama kwenye kioo, “umepiga penyewe. Hii ni posa. Asila anapeleka posa Marekani. Na posa yenye sahihi tatu ni posa nzito. Ukishaipeleka, milango mingine yote unafunga.”

“Ami, si hivyo hasa,” Asila akasema. “Kujitoa kwengine ni mpaka wao—”

“Asila, mwanangu, wewe umesoma kwenye kompyuta. Mimi nimebeba maprofesa.”

Na kweli nimebeba. Kabla ya kazi hii nilikuwa naendesha gari la watalii, wale wanaoshuka kwenye meli kubwa pale Bandari ya Sultan Qaboos wakiwa wamevaa kaptula na mafuta ya jua. Siku moja mzee mmoja wa Kimarekani alikaa kiti cha mbele, karibu yangu, kutoka bandarini mpaka Nizwa na kurudi. Profesa. Alizungumza njia nzima juu ya vyuo vya kwao, na mimi nilielewa nusu ya kwanza ya kila sentensi. Nikamsimulia Bibi kisa hicho kwa kirefu. Tulipofika skuli Asila akashuka, akasema, “Haya, Ami, asante.” Nikajiona nimefundisha.

Tatizo ni kwamba Bibi aliisikia ile habari, akaenda nayo nyumbani.

Sasa sikiliza. Asila alikuwa tayari ana nafasi nyingine mkononi. Kuna kampuni moja kubwa hapa, wana ofisi yao Ghubra, wanasomesha vijana nje. Walimfanyia mtihani na usaili, wakampa nafasi ya kusoma hayo maji yake Uingereza, kila kitu juu yao, na wakampa muda wa kujibu mpaka mwezi wa kwanza. Barua yao ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku ya nanasi. Ukitaka maziwa, unaisoma.

Jioni ile nilikuwa naingiza gunia la viazi jikoni, Bwana Nassor yuko mezani na simu mbili, moja inalia, nyingine anaongea nayo habari za kontena. Bibi akasimama mbele ya friji.

“Nassor, mwanangu, weka simu. Hii barua ya Muingereza inafanya nini hapa?”

“Ni nafasi ya Asila, mama.”

“Si mtoto kaposa Marekani? Wewe mwenyewe umetia sahihi. Sasa unampelekea mtu posa, unampa ahadi, na mwengine umemuweka kwenye friji kama kiporo? Sisi hatukulelewa hivyo. Babako alipokuja kuniposa mie alikuwa keshafunga kila mlango, hata wa binamu yake.”

“Mama, labda tuwaulize kwanza ile skuli—”

“Rajabu kashasema. Rajabu kaongea na maprofesa.”

Bwana Nassor akanitazama. Ni mtu mpole, macho yake yana usingizi tangu soko lihame. “Una hakika, Rajabu?”

Dada, hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana, wa kupita lori. Mtu mwenye busara angesema, “Arbabu, sina hakika, muulize binti.” Binti mwenyewe alikuwa amesimama pale pale kwenye ngazi. Mimi, gunia begani, nikasema: “Mia kwa mia.”

Asila alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akamtazama Bibi. Akapanda juu. Nikadhani kaenda kusali Maghribi.

Kesho yake Bwana Nassor akaandika barua ya kushukuru na kuirudisha ile nafasi, kwa Kiarabu kizuri sana, nami nikaipeleka kwa mkono wangu pale ofisini Ghubra. Nilivaa kanzu. Nikataka nakala igongwe muhuri, ikagongwa, nikarudi nayo kama mtu aliyetoka kufungisha ndoa ya sultani. Bibi akanipa sahani ya halua kwa kazi niliyoifanya. Kwa kinyozi nikawaambia wote kwamba nyumba ninayofanya kazi, mambo ya chuo wananiachia mimi. Na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba binti yangu mwenyewe atakuwa nesi na nimeshampangia. Wakanipongeza. Mhindi wa mkasi akaninyoa ndevu bure.

Siku za kusubiri jibu Bibi alizipanga mwenyewe. Neno Marekani halisemwi wakati wa kula. Hakuna kuuliza. Msichana aliyeposa haulizwi kila saa, anapata kiwewe. Asila alikuwa anasoma vitabu vyake. Nilichokiona mimi ni simu. Mara ya kwanza ililia tukiwa njiani kurudi, akasema kwa Kiarabu, “Inshallah, nitakuja.” Mara ya pili vile vile: nitakuja, nitakuja. Nikamtania, “Nani huyo anayekubembeleza?” Akasema, “Watu wa ofisi, Ami. Wanataka nikatie sahihi kitu.” Nikaona ni habari ya zile waya zake za kunyooshea meno, maana kliniki ile wanataka sahihi hata ukipiga chafya. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na kisa changu cha kumsimulia.

Jibu lilikuja kabla ya Alfajiri, kwa sababu huko kwao ilikuwa jana yake. Lakini Asila hakulifungua nyumbani. Alilifungua ndani ya gari, kwenye barabara kuu, simu imelala juu ya mkoba wake. Bibi alikuwa katikati ya tasbihi. Mimi nilikuwa nimepunguza mwendo bila sababu.

“Wamekataa,” akasema. Alilisema kama mtu anayekutajia bei ya nyanya.

Gari nyuma yetu lilipiga honi, nikasogea.

“Wamesemaje?” Bibi akauliza.

“Wamesema waombaji walikuwa wazuri sana, wengi, na nafasi chache. Wamenitakia kila la heri.”

“Wameandika kwa adabu?”

“Kwa adabu, Bibi.”

“Haya. Mtu akikukataa kwa adabu, kakuheshimu.” Akavuta punje tatu za tasbihi. “Rajabu.”

“Naam, Bibi.”

“Yule profesa wako. Alikwambia nini kuhusu hapa? Ukikataliwa, na milango mingine ushaifunga yote, unakwenda wapi?”

Nimeendesha gari katika nchi nne, Dada. Nimelala Salala kwenye ukungu, nimevuka mpaka na tairi moja kipara, askari wa barabarani wananiita kwa jina. Hayo yote hayakunisaidia. Nikatazama mbele, nikasema:

“Bibi, yule alikuwa profesa wa meno.”

“Wa nini?”

“Meno. Anafundisha kung’oa meno. Na hayo mambo ya kufunga milango hakuniambia. Nilijisemea mwenyewe.”

Nilisubiri nifukuzwe. Nilishaanza kufikiria sanduku langu lilipo. Kwenye kioo nilimwona Asila anatazama nje dirishani, na begani kwake mkono wa Bibi. Tukafika skuli, akashuka, akafunga mlango taratibu kama siku zote. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

“Geuza gari,” Bibi akasema. “Twende nyumbani nikavae.”

Akavaa kama mtu anayekwenda harusini. Shela la hariri, pete zote, udi nguo nzima. Akachukua bakuli kubwa la halua, akalifunga kwa kitambaa, akapanda, na safari hii akakaa mbele, kiti cha yule profesa. “Twende Ghubra, kwa wale wa Muingereza.”

“Bibi, niende peke yangu. Kosa ni langu.”

“Kosa lako, neno langu. Mie ndiye n’liyesema wakataliwe.” Tulipokaribia taa za barabarani akaongeza, bila kunitazama: “Sijapata kurudi kwenye nyumba niliyoikataa. Tangu n’zaliwe. Aibu yake kubwa, unajua? Heri ukataliwe wewe kuliko kurudi kwa uliyemkataa na bakuli mkononi.”

“Najua, Bibi.”

“Hujui. Lakini twende.”

Ofisini tukapokewa na binti mmoja, mdogo tu, mwenye miwani na shela jeusi. Alipotusikia tunanong’onezana akatujibu kwa Kiswahili, chake kile cha Bujumbura, maana babu zake walitokea bara. Akamwamkia Bibi, akamkalisha, akaleta kahawa na tende. Bibi akalisogeza bakuli la halua mbele yake, akanyoosha kidole kwangu.

“Huyu ndiye mshenga. Yeye ndiye atakayesema.”

Nikasafisha koo. “Mwanangu,” nikaanza, “baina ya pande hizi mbili kumetokea hali ya kutoelewana ambayo, tukiitazama kwa upana wake—”

Bibi akakohoa.

“Mimi ndiye niliyekosea,” nikasema. “Yule Asila binti Nassor hakufanya kosa lolote. Aliomba chuo cha Marekani kwa ahadi. Mimi nikawaambia wazee wake kwamba ukishaomba tu lazima ufunge kwengine. Kumbe unafunga wakishakukubali. Yeye alikuwa anajua, mimi nilikuwa sijui, na aliyesikilizwa ni mimi. Sasa wamemkataa, na nyinyi tumeshawarudishia nafasi yenu. Nimeileta barua mwenyewe. Mkimnyima mtoto yule kwa sababu ya ulimi wangu, mtakuwa na haki. Nimekuja kuomba msitumie haki yenu.”

Ni hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Binti akafungua kabati, akatoa faili, akaipata ile barua. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

“Hii ina sahihi ya baba,” akasema.

“Naam, ya baba yake mzazi.”

“Ya mwanafunzi iko wapi?”

Nikamtazama Bibi. Bibi akanitazama mimi.

“Nafasi ni ya mwanafunzi, mzee wangu. Yeye ndiye aliyefanya mtihani, yeye ndiye tuliyemwandikia. Kama anairudisha, aje hapa mwenyewe atie sahihi mbele yangu. Nimempigia simu mara tatu. Kila mara ananiambia, nitakuja, nitakuja. Hajaja.”

“Kwa hiyo?” Bibi akauliza.

“Kwa hiyo ipo, Bibi. Haijaenda popote.”

“Na ule muhuri?” nikasema. “Mlinigongea muhuri!”

“Ule ni wa kupokea barua. Hata ukileta bili ya umeme tunakugongea.”

Nilitaka kucheka lakini niliona si wakati wake. Bibi alikuwa ameshika kikombe cha kahawa hakinywi. Akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe: “Hata kadhi humuuliza mwari kabla hajafunga ndoa. Anamuuliza mara tatu.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Sisi hatukumuuliza hata moja.”

Akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe, akainuka. Halua akaiacha. Yule binti akasema hawaruhusiwi kupokea kitu. Bibi akamwambia hakupokea, kaachiwa.

Saa ya skuli kutoka tulikuwa getini, Bibi kwenye kiti chake cha nyuma kama kawaida. Asila akaingia, akaona shela la hariri, akaona pete. “Mmetoka wapi?”

Bibi akamwambia. Mtoto akainamisha kichwa.

“Mbona hukusema?” nikamuuliza. “Kama ulijua, mbona hukusema kitu?”

“Nilisema, Ami. Siku ile kwenye foleni. Wewe ukawa unamzungumzia profesa.”

Nikapokea. Ningefanyaje?

“Na kule jikoni?” Bibi akauliza. “Mie ungenambia mie.”

“Bibi, ulikuwa ushatoa neno mbele ya baba. Na Ami alikuwa kashika gunia, anafurahi. Sikutaka kumvunja mtu. Nikasema basi, mimi sitakwenda kutia sahihi, tuone.”

Umri wake miaka kumi na saba, Dada. Mimi nina arobaini na sita, na nilikuwa nimeshika gunia.

“Haya, sasa tunakuuliza,” Bibi akasema. “Wataka nini?”

“Leo sijui. Vyuo vyengine vya Marekani naweza kuviomba mpaka mwanzo wa mwaka. Au niichukue hii. Niachieni mpaka Alkhamisi.”

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na rai, nzuri sana, bado ninayo.

“Rajabu,” Bibi akasema, “wewe endesha.”

Na mpaka Alkhamisi nyumba nzima ilikaa hivyo. Bwana Nassor alipata habari yote kutoka kwa mama yake, akaniita, akaniuliza jambo moja tu: “Meno?” Nikasema, “Meno, arbabu.” Akatikisa kichwa, akapokea simu ya vitunguu. Hakunifukuza. Ila sasa akiniuliza njia ipi haina foleni, baada ya jibu langu anaitazama ramani ya simu.

Alkhamisi nikamchukua Asila skuli, akasema tupite ofisini. Akashuka peke yake. Bibi alitaka kumfuata, akafungua mlango, akaufunga tena. Tukakaa garini, yeye na tasbihi, mimi na usukani. Akakaa ndani muda wa kuchemsha wali. Alipotoka alikuwa na karatasi kwenye bahasha ya kaki.

“Nimeikubali,” akasema. “Nitakwenda Uingereza.”

Bibi akamshukuru Mungu. Halafu mtoto akalia kidogo, si sana, kile chuo kingine kilikuwa bado kinamuuma. Mtu akikataliwa anaumia hata akipata pengine. Tulipoingia barabara kuu alikuwa kesharudi kuzungumza, ana haja ya kujua kama kule kuna baridi ya kuvaa soksi mbili. Mimi kutoka Ghubra mpaka Mawaleh sikutia neno. Bibi anasema hajawahi kuiona barabara ile ndefu hivyo.

Sasa, Dada, inuka, toa ile fomu uliyoikalia.

Utaona mahali pa mzazi nimetia sahihi, ile yangu yenye mkia. Nimeandika anwani na namba. Palipoandikwa “kozi unayoomba” hapana kitu. Usidhani nimesahau. Kalamu ilikuwa mkononi na lile neno uuguzi nililiandika kwanza kwenye kipande cha gazeti nione kama litaenea. Lilienea. Halafu nikafikiri: mwanangu huyu ana miaka kumi na tisa, nimempigia simu kila wiki, nimemwambia habari za meli, za joto, za maprofesa, na sikumbuki kumuuliza anataka nini. Na wewe uliponinong’onezea mwezi uliopita kwamba “mtoto ana neno lake”, nilikwambia salio linakwisha. Salio halikuwa linakwisha.

Basi muulize. Muulize mara tatu kama kadhi, na usimtolee macho yako yale. Kama ataandika uuguzi, vizuri, ndevu zangu zilinyolewa kwa haki. Kama ataandika kitu kingine, hata kitu ambacho mimi siwezi kukitamka, niandikie jinsi kinavyotamkwa. Nitajifunza. Kwa kinyozi kuna watu wanasubiri habari, na mimi siwezi kwenda pale kujisifia kitu kimoja mwaka mzima.

Nisalimie shemeji yangu mvumilivu, mume wako, mwambie hilo banda la kuku ni kazi ya mwanamume. Msalimie shangazi yetu mkubwa, na umwambie dawa ya macho nimempa Salehe, imo kwenye kiatu cha kushoto. Wasalimie wanao, wapwa zangu wadogo wanaodai nimewaahidi mpira. Nimewaahidi, na umo kwenye mzigo. Mzee Kombo, mwalimu wangu wa darasa la sita, aliyesema nitafika mbali kwa mdomo, mpe mkono wangu na umwambie nilifika, nikarudishwa.

Mwanaidi usimpe salamu. Mpe kalamu.

Ni mimi mdogo wako, dereva wa Maskati, mshenga mstaafu,

Rajabu